Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Misitu ya Kupandwa na Uhai wa Maziwa

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Mapato na matumizi yataelezwa na mweka hazina, kwa hiyo naitumia nafasi hii kwa suala lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu. Wanachama wa Ukerewe na Buchosa, ambako yapo mashamba ya miti ya Rubya na Buhindi, waliuliza kama misonobari na mikaratusi inayozidi kupandwa vilimani ni neema au hasara kwa Ziwa Victoria, na kamati ikaona si haki kuwajibu kwa kubahatisha.

Ushahidi mwingi tuliousoma unatoka katika maziwa madogo ya milimani huko Uskoti na Wales, ambako jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Uingereza iliunda tume yake ya misitu mwaka 1919, baada ya vita kuu kuifunulia uhaba wake wa mbao, na katika miongo iliyofuata nyanda za juu zilizokuwa na nyasi tu zikafunikwa na miti ya sindano, yaani yenye majani membamba kama sindano, hasa aina ya sprusi iliyoletwa kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Ilipofika miaka ya 1970, baadhi ya maziwa ya Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti, yaliyo juu ya miamba ya graniti, yalikuwa yamepoteza samaki wake aina ya trauti kwa sababu maji yalizidi tindikali, na wengi wakailaumu misitu.

Wanasayansi walichukua mashapo, yaani tope lililotuama tabaka juu ya tabaka mwaka hadi mwaka, kutoka sakafu ya maziwa hayo na kuchunguza mabaki ya mwani mdogo uitwao daiatomu, ambao kila aina yake hustawi katika kiwango chake cha tindikali. Katika ziwa la Round Loch of Glenhead, ambalo halikuzungukwa na msitu wa kupandwa, ilidhihirika kwamba tindikali ilianza kuongezeka katikati ya karne ya 19, miaka mingi kabla ya miti hiyo kupandwa katika eneo lile. Chanzo kikuu kilikuwa salfa ya moshi wa makaa ya mawe. Hata hivyo, misitu ilizidisha madhara, kwa kuwa majani yake membamba hunasa ukungu na chembe zilizomo hewani kama wavu wa dagaa, kisha mvua huzisuuza hadi ardhini. Pale ambapo mwamba hauna chokaa ya kutosha kuipoza tindikali, alumini huyeyuka kutoka kwenye udongo, ikafuata vijito hadi ziwani na kuharibu matamvua ya samaki. Katika ziwa la Loch Fleet ilibidi chokaa imwagwe kwenye ardhi inayolizunguka, kuanzia mwaka 1986, ndipo trauti waweze kurudishwa.

Madhara mengine yalitokana na utunzaji wa mashamba wenyewe. Kulima matuta na kuchimba mitaro kabla ya kupanda kulishusha tope majini, mbolea ya fosfeti ikarutubisha mwani, na kukata msitu wote kwa mkupuo kukaachia naitreti nyingi. Mwaka 1988 Uingereza ilitoa mwongozo wa misitu na maji, uliotaka, pamoja na mengine, kingo za vijito ziachwe bila miti ya sindano. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo linalotufaa zaidi.

Ziwa letu si kama maziwa yale, na nawasihi tusiyahamishie hapa matatizo ya Uskoti. Ingawa Mwanza nayo imekaa juu ya graniti, maji ya Ziwa Victoria hayana hali ya tindikali, na takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Kwa hiyo anayesema mikaratusi ya vilimani italikausha ziwa anakosea. Kinachopungua ni maji ya chemchemi na vijito, ambayo akina mama wetu huteka na ambamo baadhi ya samaki hupanda kuzaliana wakati wa mvua, na hasara hiyo kwangu si ndogo hata kidogo. Tatizo kubwa la ziwa lenyewe ni virutubisho kupita kiasi. Fosforasi nyingi huingia kwa njia ya hewa, pamoja na vumbi na moshi wa mioto ya mashambani, kisha mwani hutanda na kuwanyima samaki hewa. Mteremko uliokatwa miti yote kabla ya masika huongeza tope juu ya mzigo huo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kamati inapendekeza ukanda huo uachiwe mafunjo, matete na miti ya asili kama mikuyu, na vitalu vyetu visikuze tena miche ya mikaratusi kwa ajili ya maeneo hayo. Mikaratusi iliyokwisha kuota humo ivunwe kwa awamu, wala visiki visingʼolewe, ili udongo usibaki wazi. Walioipanda waliitegemea kwa nguzo na kuni, hivyo tunaomba mkutano uidhinishe wapewe kwanza miche ya kupanda mbali na maji. Wanachama wenye miti ya aina hiyo wajiandikishe kwa katibu kabla ya mvua za vuli.