Barua ya wazi kwa wachezaji waliotundika daluga na sasa wanautaka ukocha

Wanangu,

Marahaba. Salamu zenu nimezipokea, na lawama zenu redioni nimezisikia pia: kwamba mmecheza Ligi Kuu miaka mingi, wengine mmeivaa jezi ya taifa, na bado klabu zinawaruka na kwenda kutafuta makocha nje. Lawama hiyo ina ukweli na sitaibeza. Viongozi wetu wengi humpima kocha kwa mechi tano, wakamfungashia virago, kisha wakaanza upya kuhubiri mipango ya muda mrefu. Hao nitawaandikia siku yao. Leo nasema na ninyi, kwa sababu katika malalamiko yote hayo sijamsikia hata mmoja akiomba kazi ya timu ya vijana, wala ya kukaa na majeruhi. Wote mnataka kiti cha kocha mkuu.

Nawaomba mmtazame Bob Paisley, aliyekuwa kocha mkuu wa Liverpool ya Uingereza. Wengi wenu mnamjua kwa makombe tu, na makombe yake kweli yanatisha: ubingwa wa Uingereza mara 6 na Kombe la Ulaya la klabu, ambalo leo ni Ligi ya Mabingwa, mara 3, 1977, 1978 na 1981, yote ndani ya miaka tisa. Mimi nataka mtazame miaka iliyotangulia hapo, ambayo hakuna aliyempigia makofi.

Alizaliwa 1919 Hetton-le-Hole, kwenye vijiji vya wachimba makaa ya mawe kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Alijifunza uashi, akachezea Bishop Auckland, timu ya ridhaa, na 1939 akasajiliwa Liverpool. Mwaka huohuo vita vikaanza. Miaka ambayo mchezaji huwa kwenye ubora wake, yeye alikuwa jeshini, Afrika Kaskazini na Italia. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza akiwa na miaka 27, na msimu huohuo wa 1946/47 wakachukua ubingwa. Alikuwa kiungo mkabaji, mfupi, mgumu, asiyeogopa kugongana na mtu.

Sasa sikilizeni la 1950. Nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool inakutana na jirani yake Everton. Paisley anafunga bao la kwanza, Liverpool inashinda 2-0. Fainali ni Wembley dhidi ya Arsenal. Kikosi kinatangazwa, jina lake halimo. Siku hizo wakurugenzi wa klabu walikuwa na kauli katika kupanga timu, na wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa, kwa hiyo aliyeachwa hakuwa hata na benchi la kukalia. Arsenal ikashinda 2-0. Najua wapo kati yenu waliowahi kuachwa hivyo saa chache kabla ya mechi kubwa, na mpaka leo wakilisimulia sauti inabadilika. Paisley aliumia sana. Lakini alibaki klabuni, akacheza miaka mingine minne, na maumivu yale akaja kuyatumia kazini miaka mingi baadaye.

Alistaafu 1954, mwaka ambao Liverpool ilishuka daraja. Hakudai chochote kikubwa. Alichukua timu ya akiba, na usiku akasoma utaalamu wa tiba ya viungo kwa njia ya posta. Mchezaji bingwa wa ligi, mwenye miaka 35, anarudi kwenye madaftari kujifunza misuli na mifupa! Kikosi chake cha akiba kikachukua ubingwa wa ligi yao 1957. Kocha mkuu mpya, Bill Shankly, alipofika Desemba 1959 alimkuta hapohapo, akambakisha, na Paisley akawa ndiye anayekimbilia uwanjani mchezaji akianguka.

Elimu ile ilionekana Mei 1965, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Leeds. Dakika za mwanzo tu beki Gerry Byrne akagongwa begani. Paisley akamshika na kujua mara moja kwamba mfupa wa mtulinga umevunjika. Kumtoa kulimaanisha kucheza pungufu mpaka mwisho, maana kubadilisha mchezaji bado hakukuruhusiwa. Wakaamua wapinzani wasijue. Byrne akamaliza dakika 120, na yeye ndiye aliyetoa krosi ya bao la kwanza. Liverpool ikashinda 2-1. Msiige kumchezesha mtu aliyevunjika. Leo ingekuwa dhuluma. Ninachowaonyesha ni kocha anayejua, kwa mkono wake, hali ya mwili wa mchezaji wake. Wangapi kati yenu mnaweza kumtazama kijana anavyotembea kutoka kwenye basi na kujua msuli wake wa paja haujapona?

Na kilikuwepo kile chumba cha viatu pale Anfield, uwanja wa Liverpool. Kidogo, njumu zimening'inia ukutani, makreti ya bia ndiyo viti. Humo walikaa Paisley na makocha wenzake, Joe Fagan, Ronnie Moran na wengineo, baada ya mazoezi, wakibishana kuhusu kila mchezaji. Waliweka madaftari: leo tumefanya zoezi gani, nani ameumia, hali ya hewa ilikuwaje. Timu ikiyumba walirudi nyuma kuangalia msimu uliopita walifanya nini wiki kama hiyo. Hakukuwa na siri nyingine.

Julai 1974 Shankly akajiuzulu ghafla. Paisley alikuwa na miaka 55 na kiti hakukitaka, ilibidi abembelezwe. Msimu wa kwanza hakupata kombe, wakawa wa pili. Shankly naye alikuwa bado anakuja mazoezini Melwood na wachezaji wanaendelea kumwita bosi, jambo ambalo lingemvunja kocha mwingine. Paisley akafanya kazi. Alimchukua Ray Kennedy, mshambuliaji aliyetoka Arsenal, mabao yamemkauka, akamrudisha kiungo wa kushoto. Kennedy akawa nguzo ya timu na akaitwa timu ya taifa. Jicho la namna hiyo hulipati kwa kozi ya wiki mbili.

Desemba 1981 timu ilikuwa katikati ya msimamo. Akamvua unahodha Phil Thompson, kijana wa mji uleule, akampa Graeme Souness. Thompson alikasirika, lakini hakuuzwa wala hakusahauliwa, na ubingwa ukaja. Anayemwondoa mwenzake akiwa mwenyewe aliwahi kuondolewa hujua afanye nini siku ya pili yake.

Mtaniambia Brian Clough, mshambuliaji wa Kiingereza, alikuwa kocha mkuu wa klabu ya Hartlepools akiwa na miaka 30, goti lilipomkatisha. Ni kweli. Lakini hakwenda peke yake, alikwenda na msaidizi wake Peter Taylor, na alianzia timu ya mkiani isiyo na fedha. Mtaniambia pia kwamba Liverpool ilikuwa na subira ambayo klabu zetu hazina. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kuanzia pale ambapo hakuna anayewaangalia, mkakosea na kurekebisha kabla mashabiki hawajalijua jina lenu la ukocha.

Leseni zifuateni, hazikwepeki. Ila nunueni na daftari, muandike kila siku ya mazoezi. Mwombeni daktari wa timu awaruhusu kukaa naye anapopima majeruhi. Tafuteni mwenzenu mmoja mnayeaminiana, atakayewaambia ukweli mkitoka uwanjani mmefungwa. Na mkimwacha mchezaji nje ya kikosi, mwambieni wenyewe, uso kwa uso, kabla hajalisoma kwenye simu.

Usajili wa vikosi vya vijana chini ya miaka 20 uko mbioni, na klabu nyingi huwakabidhi vijana hao kwa yeyote anayepatikana. Aliye tayari kuanzia huko, au kwenye chumba cha majeruhi, aje nyumbani jioni yoyote. Nitaongozana naye mpaka kwa katibu wa klabu yake, na nitamwombea kazi hiyo kwa kinywa changu.

Wenu,
Mzee wenu wa uwanjani