Barua kwa mwanangu anayerudi kinyunguni

Kamwene mwanangu,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Huku Mbeya hatujambo. Wifi yako amejifungua salama, mtoto ananyonya vizuri, na kaka yako anazunguka nyumba nzima akiuliza asaidie nini, hasaidii chochote. Nitakaa nao mpaka mzazi apate nguvu, kwa hiyo kiangazi hiki shamba la Mufindi ni lako. Nimefurahi umekubali kurudi na watoto. Baba yako unamjua, kwenye simu anasema "sawa" tatu anakata, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mahindi ya juu yako karibu kukauka. Yakivunwa, yaanikwe juu ya turubai, si chini, na yanayoonyesha ukungu yatengwe kabla ya kupukuchua. Hayo usiyasagie uji hata kidogo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na atakayeumia kwanza ni mwenye mwili mdogo. Maharage yapurwe mapema kabla manyunyu ya asubuhi hayajaharibu rangi, wanunuzi wa Mafinga siku hizi wanachagua kama wanaposa.

Bondeni nimeshakata nyasi. Zifukie ndani ya vinyungu, haya matuta yetu ya bondeni, usichome, maana upepo wa Agosti ukichukua moto ukaingia kwenye misindano, miti ya mbao ya watu, tutauza hata ng'ombe. Tuta liinuliwe vizuri, mifereji izibuliwe, ndipo upande mahindi, njegere na maharage. Nimeacha mita 60 kutoka mtoni kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Majirani wakikwambia mama yako mwoga, waitikie "ndiyo" uendelee na kazi.

Haya ya jembe unayajua tangu utoto. Ninachotaka tuelewane ni chakula cha huyu mke mwenzangu wa miezi kumi, mtoto wako wa mwisho.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wetu wa Iringa, kati ya watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 56.9 wamedumaa. Njombe ni 50.4, Rukwa 49.8. Nchi nzima ni 30. Yaani sisi ambao malori yanapanga foleni Makambako kubeba mahindi yetu kwenda kulisha wengine, ndio wenye watoto wafupi kuliko umri wao. Nilipoisikia mara ya kwanza kwa mhudumu wa afya wa kijiji nilidhani amekosea kusoma.

Watu wa mjini wakisikia hivyo husema akina mama wa Iringa hawajui lishe. Nakataa. Aje mtu amfuate mama mwenye kinyungu siku moja tu ya Julai. Alfajiri anakoroga uji, mwepesi, kwa sababu mwepesi unaiva haraka na kuni ni mbichi. Mtoto anakunywa kikombe. Saa mbili mama yuko bondeni, mtoto mgongoni au kaachwa nyumbani na mkubwa wake. Akipanda mlima kurudi ni saa tisa, hajakaa, kuni zinamwita, maji yanamwita, ng'ombe wa mumewe anamwita. Ugali unaiva saa mbili usiku na mtoto amekwisha lala. Huyo mtoto amekula mara moja, labda mbili, na kihenge kimejaa. Kesho hivyohivyo, mpaka Oktoba. Ujinga uko wapi hapo? Tatizo ni saa, na jembe ndilo linalozila.

Na udumavu hauna kelele. Mtoto hakondi ukashtuka, halii usiku kucha. Anakuwa mfupi tu, nasi tunasema amefuata ukoo wa baba yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Lima nusu ya vinyungu, nusu iache. Ndiyo, nasema mimi mama yako niliyekufundisha kwamba tuta tupu ni aibu. Mahindi mabichi ya Desemba tutapata ya kutosha kula, ya kuuza yatapungua, basi. Kama mkwe wangu anataka vyote vilimwe, atafute kibarua amlipe, asitafute kwa mgongo wako.

Mtoto wa miezi kumi anataka kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo cha katikati, na titi juu yake. Uji uwe mzito, ubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Usihangaike na ule unga wa nafaka saba wanaouza kwenye mifuko ya picha ya mtoto mnene. Mahindi au ulezi unatosha. Kinachokosekana kwetu ni vile vya pembeni: maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, dagaa waliotwangwa wakawa unga, yai, parachichi, mboga ya maboga. Viazi ponda na maharage, tia mafuta kidogo. Viazi vilivyogeuka kijani usimpe, wala usimpe mtu yeyote. Mayai ya kuku wetu kiangazi hiki si ya sokoni. Ile parachichi ya nyuma ya nyumba baba yako ameshaiahidi kwa mnunuzi, lakini matawi ya chini ni ya wajukuu, mwambie nimesema.

Ukishuka bondeni, shuka na chakula chake kwenye hotpoti, na dumu la maji yaliyochemshwa. Maji ya mfereji si ya kumnawisha mtoto mikono. Nyumbani nilishafunga kibuyu chirizi cha kunawia mikono karibu na choo, hakikisha sabuni haikosekani, maana mume wangu, yule mwanao wa miaka minne, anaigeuza mtumbwi. Na msishuke kabla jua halijapanda. Ule ukungu wa Juni unaujua, nyasi zinakuwa na barafu nyeupe, na kifua cha mtoto hakina haraka ya kupona.

Baba yako atasema, "Mbona ninyi mlikua hivyohivyo?" Usibishane naye. Mpe mtoto, mpe kijiko, wewe nenda ukalime. Akishamlisha siku mbili tatu atakuwa yeye ndiye anayepiga kelele kwamba uji umechelewa. Na mkwe wangu vilevile. Sijui mila ya Kihehe inayomkataza mwanamume kumlisha mwanawe, najua wanaume wasioanza tu.

Wajina wangu, mkubwa wao, yuko likizo, ana miaka saba, na utashawishika kumwachia mdogo wake kutwa nzima. Usifanye hivyo. Kumchezesha wakati unachota maji, sawa. Kumlea, hapana. Mtoto wa miaka saba akimpa mwenzake uji, nusu anakunywa yeye, na simlaumu, njaa ni njaa. Kazi yake iwe kuchagua maharage, kuokota masuke yaliyodondoka, kuandika kwenye daftari magunia mangapi yameingia. Hiyo ya daftari ataipenda, anaandika vizuri kuliko babu yake. Mume wangu mpe fimbo afukuze kuku kwenye turubai, na kipande chake cha tuta apande njegere anavyotaka, hata kama atazifukua kila asubuhi kuona kama zimeota. Watoto wasifukuzwe shambani. Wawepo, wachafuke, wajue chakula kinatoka wapi. Ila pale bondeni kuna vile visima vifupi tunavyochotea maji ya kumwagilia: vifunike vyote kwa mbao nzito kabla hujaanza kazi. Maji ya kufika magotini kwako yanatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea.

Bomba la kupulizia na dawa za viazi niliviweka stoo ya ng'ombe, juu, na kufuli. Ukipima dawa usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika tano. Anayepulizia abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Na mahindi mwaka huu yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, niliinunua tayari, iko chini ya kitanda changu. Sitaki vile vidonge vya kufukiza ndani ya nyumba. Baba yako anavipenda kwa sababu ni rahisi, lakini magunia yanakaa chumba wanacholala wajukuu, na hewa ya vidonge hivyo inaua mtu aliyelala.

Jiko la mkaa ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote hayo. Usiku wa Julai baridi inauma mpaka kwenye mifupa, na utatamani kuliingiza chumbani ufunge mlango. Hata kama limebaki makaa mekundu bila moshi, sumu yake haina harufu, watu wanalala hawaamki. Mlale pamoja, ninyi na watoto, mablanketi yote yako kwenye sanduku la bati, pamoja na lile zito la baba yako ambalo husema halipo. Jiko lilale nje.

Kliniki ya mwezi huu usiikose kwa sababu ya kuvuna. Ukifika, usikubali mtoto apimwe uzito tu na kurudishiwa kadi. Foleni ikiwa ndefu wataruka kipimo cha urefu, nawe mwombe nesi kwa adabu alete ule ubao, amlaze mtoto, amnyooshe miguu, apime, aandike. Kisha nipigie unisomee namba zote mbili. Piga jioni, mchana wifi yako analala.

Mama yako.