Mdogo wangu, Baba naye alibeti

Mdogo wangu,

Najua simu za Baba hupokei, na sikulaumu. Siku ile alipokuta kete ya heroini kwenye kiatu chako alikwambia mbele ya majirani kwamba unajiendekeza tu, kisha akafunga geti. Sasa sikia yaliyompata yeye.

Unakumbuka kikombe chake kilivyoanza kugonga kisahani? Ni ugonjwa wa Parkinson. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuuendesha mwili, ndani kabisa ya ubongo, zimekufa nyingi. Akaandikiwa vidonge vinavyoiga dopamini, na mwendo ukarudi. Baada ya miezi michache, mzee asiyemjua hata kipa wa Yanga akaanza kubeti. Mikeka usiku kucha, ligi za nchi asizoweza hata kuzitamka! Mama alishtuka pesa ya bati ilipoyeyuka. Nisikufiche, tulidhani karogwa. Daktari hakushangaa: dawa hizo zinajulikana kwa hilo. Akapunguza dozi, kubeti kukakoma. Mtetemo ukarudi kidogo.

Nikaanza kusoma. Dopamini inayomnyanyua Baba kitini ndiyo inayoufundisha ubongo kutaka kitu tena na tena. Mwaka 1954, huko Montreal, James Olds na Peter Milner waliwatia panya waya ubongoni. Panya wakawa wanabonyeza kitufe mfululizo ili wapigwe umeme. Ila kisa kilichoninyima usingizi ni cha California, 1982. Vijana walijidunga heroini bandia iliyopikwa vibaya, ikiwa na kemikali ya MPTP. Wakakauka kama gogo: macho yanaona, mdomo haufunguki. Daktari William Langston ndiye aliyefuatilia hadi ikajulikana kwamba kemikali ile inaua seli zilezile zilizomfia Baba. Mateja, wenye ugonjwa wa Baba! Baadaye tumbili waliopewa MPTP wakawasaidia watafiti kujua sehemu ipi ya ubongo ikizimwa mwili uliokakamaa unalegea. Leo wagonjwa wengine huwekewa waya wa umeme kwenye sehemu hiyohiyo.

Baba akichelewa kidonge anaganda mlangoni. Wewe ukikosa methadoni, dawa yako ya kuachia heroini, arosto. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupamba.

Alikaa kimya, kikombe kakishika kwa mikono miwili. Halafu akauliza kama huko kliniki unakwenda peke yako. Nikamwambia ndiyo, kila asubuhi, kwa miguu.

Akasema yeye zamu yake ni Jumanne, saa mbili.