Kwa nini kutoa picha kwenye faili ya XML ni dola tano

Juma lililopita papa mmoja alitoka dukani kwetu Birere, hapa Goma, akilalamika kwamba tumemla. "Dola tano kwa faili moja? Mtoto wangu anafanya bure!" Maneno haya tunayasikia kila mwezi, basi leo tujibu.

Faili zenyewe ni zile za XML, yaani za maandishi matupu, ambazo programu za kuhifadhi meseji za simu hutengeneza. Picha zimo, ila zimeandikwa kwa base64, njia ya kuigeuza picha kuwa maandishi: herufi kubwa na ndogo, tarakimu, alama za + na /. Kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, ndiyo maana faili inanenepa kwa theluthi. Rundo la herufi likianza na /9j/ ni picha ya aina ya JPEG. Likianza na iVBOR ni PNG.

Sasa yule mtoto alifanyaje? Alikopi rundo, akajitumia kwa WhatsApp vipande vipande, akaviunga kwenye tovuti ya bure. Kwenye maungio herufi zikadondoka. Na ikidondoka hata moja, zote zinazoifuata zinasogea. Picha ya harusi ilitoka vichwa tu. Kuanzia mabegani ni kijivu. Kibaya zaidi, alihifadhi juu ya faili ya mwanzo, na programu ya simu yake ilikuwa imekata mistari mirefu. Tulihangaika siku mbili, kuranti nayo ikikatika. Ile ya dola tano ikawa kumi na tano, na picha nyingine hazikurudi kabisa.

Sisi tunaanza kwa kunakili. Ya asili haiguswi. Skripti, programu yetu ndogo, inasoma XML yote, inaondoa nafasi tupu, inageuza herufi kuwa picha na kuipa kila moja tarehe ya meseji yake. Halafu mtu anazifungua moja moja. Hapo ndipo saa zinapokwisha, na hapo ndipo dola tano zinapokwenda.

Mama mmoja wa Buhene alipoteza nyumba na albamu zote kwa lava ya volkano Nyiragongo, Mei 2021. Alikuja na flashi moja tu. Ndani tulimkuta marehemu mumewe, ameegemea chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anacheka. Mama hakuomba punguzo.

Kwa hiyo leteni faili jinsi ilivyo, kwenye flashi, bila kuifungua. Na kama mmeshaifungua, semeni mapema, hatutawagombeza. Sana.