Wanne kwa kundi, si kumi

Ndugu Mhariri,

Katika madarasa yenye watoto wengi hapa Dodoma, kazi ya vikundi huharibiwa na idadi. Watoto kumi wakizunguka daftari moja, wawili huandika, wanane hutazama. Walimu, wawekeni wanne wanne, wapeni kokoto 24 wazigawe mafungu matatu sawa. Kwanza kila mmoja afikiri kimya dakika moja, kisha aeleze alivyopata. Anayeeleza asiwe yule yule kila siku. Mtoto wa Chamwino aliyezoea Kigogo nyumbani aachwe aanze kwa Kigogo, mwenzake amsaidie kwa Kiswahili. Ukimkatiza kwa kosa la lugha, ananyamaza, na hesabu aliyokuwa nayo kichwani haitoki tena.

Mdau wa elimu,
Dodoma