Barua kwa mwanangu: namna ya kukisifu kitabu kilichokuchekesha

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku wazima, na baba yako anakusalimu. Rasimu yako imefika. Rafiki yako ameandika kumbukumbu za bweni na safari za likizo, mchapishaji anataka maneno ya msomaji ya kuweka kwenye jalada la nyuma, nawe umeandika hivi: "Kitabu hiki kinachekesha sana. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ni kitabu cha kipekee ambacho kila mtu anapaswa kukisoma." Mapenzi yako kwa rafiki nimeyaona, kitabu chenyewe sijakiona. Maneno hayo ukiyahamishia kwenye ngano za sungura, au kwenye kitabu cha vituko vya harusini, yatakaa vilevile. Mtu aliyesimama dukani na noti yake mkononi hajui kama huko ndani atakutana na kiranja au na fisi.

Anza upya, na anza kwa penseli. Soma mara ya kwanza bila kusimama. Pembeni weka nukta kila unapocheka kwa sauti, kistari unapotabasamu tu, na msalaba pale unapoona mwandishi alitaka ucheke nawe hukucheka. Sababu usiandike bado, kwa maana ukisimama kujieleza kichekesho cha ukurasa wa 14, cha ukurasa wa 15 kitakupita. Acha siku mbili, kisha rudi kwenye nukta peke yake. Utakuta nyingi zimekufa. Kichekesho kinachotegemea mshtuko hufa mara ya pili, kwani mshtuko umeshautumia. Kinachobaki hai ni kile kinachotegemea tabia ya mtu, kama yule matroni uliyenisimulia kwa simu, anayehesabu sabuni za wasichana kila Jumamosi huku miwani anayoitafuta imo kichwani mwake. Vya namna hiyo ndivyo vya kusifia, na viwili vinatosha.

Halafu jiulize vimefanywaje. Wasomaji wengi huishia kwenye "ana kipaji", wakafunga kitabu. Lakini Kiswahili kina vifaa vyake vya kuchekesha, na vingi vimefichwa kwenye sarufi ambayo mliisoma darasani kwa kupiga miayo. Tazama ngeli. Mwandishi akisema "mzee wa zamu alikuja", anasimulia tu. Akisema "kizee kikaja kikijivuta", ameshamkata kimo. Mtu mzima akitupwa kwenye ngeli ya vijiko na viatu, msomaji anatabasamu hata kabla hajajua kosa la mzee ni lipi. Tazama nyakati. "Mwalimu hukohoa mara tatu kabla ya kuchapa": ile hu- ya mazoea imebeba miaka minne ya viboko katika sentensi moja. Nayo -ka- ikipangwa mfululizo hukimbiza mambo: "Akapanda, akakaa, akavua viatu, abiria wakashuka." Kicheko kimekaa kwenye kitenzi cha mwisho, pale a- inapogeuka wa-. Ongeza "kwa sababu ya harufu" na umekiua. Ukiona mwandishi amejizuia kuongeza, hilo ni jambo la kusifia kwa jina lake: sema kwamba hafafanui vichekesho vyake. Sifa hiyo ni adimu kuliko unavyodhani.

Nawe usije ukafanya alichojizuia yeye kukifanya. Kosa kubwa kuliko yote katika kusifu vitabu vya kuchekesha ni kusimulia kichekesho hadi mwisho. Msomaji akifika ukurasa ule anajua kinachokuja, hacheki, na lawama inamwendea mwandishi. Taja mahali, taja watu, taja walivyobanana, kisha nyamaza. Kama unanukuu, maneno 10 au 12 yatosha, na yasiwe yale yenye kicheko chenyewe. Nukuu sentensi inayotangulia.

Kuhusu shule, shida ni kwamba kila aliyelala bweni anazo kumbukumbu zilezile. Kengele ya alfajiri, mchakamchaka, foleni ya uji, maharage yenye wadudu, prepo ya usiku, kitanda cha dabo deka ambacho wa juu akigeuka wa chini anakula vumbi. Ukiandika "ametukumbusha maisha ya bweni" hujasema kitu, kwa kuwa hata harufu ya mafuta ya taa hutukumbusha. Tafuta alichokiona yeye ambacho wengine tulikipita. Orodha ya vifaa kwenye fomu ya kujiunga, kwa mfano: shuka mbili, ndoo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, jembe, fyekeo. Mtoto anakwenda kusoma Baiolojia amebeba zana za mkulima. Mwandishi mzuri hunakili orodha ile kama ilivyo, akaenda zake. Asiyejiamini ataandika chini yake "Hebu fikiria!", na hapo ndipo penseli yako inapoweka msalaba. Uliniambia rafiki yako amelifanya sanduku la bati kuwa kama mhusika, lina kufuli mbili na siri zake. Basi hilo ndilo lake. Lishike.

Safari nazo zina chanzo chao cha kicheko: watu wasiojuana wamefungiwa mahali pamoja kwa saa nyingi, na ratiba ni maneno ya kondakta. Ila hapa pana mtego. Kichekesho cha safari husimama juu ya ukweli wa njia. Mwandishi akikosea njia, msomaji anayeifahamu anaacha kucheka na kuanza kusahihisha. Kabla jina lako halijachapwa kwenye jalada, kagua. MV Liemba, mathalani, haipandiwi Mwanza. Mwanza iko kwenye Ziwa Viktoria. Liemba ni meli ya Ziwa Tanganyika, iliyofanya safari za Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Meli yenye wasifu wa namna hiyo haihitaji kuongezewa chumvi. Anayeitia chumvi hakuulizia.

Treni vilevile. Kama kuna sura ambamo behewa moja linamtoa Kigoma hadi Mbeya pasipo yeye kushuka, mwulize. Reli ya Kati, ile ya zamani iendayo Kigoma, ina upana wa milimita 1,000, na reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ina milimita 1,067. Kwa ajili ya milimita hizo 67 behewa la reli moja halipiti juu ya nyingine. Akisema amebadilisha treni, sawa. Akisema alilala mpaka Mbeya, hiyo ni ndoto na iandikwe kama ndoto. Mwambie faraghani, si kwenye maneno ya sifa, na umwambie kabla kitabu hakijaenda mtamboni.

Jambo la maneno ya mitaani nalo liangalie. Sisi Watanzania tukisoma kwamba basi lilisimama abiria "wakachimbe dawa", tunajua ni dakika chache za kuingia kichakani kujisaidia. Msomaji wa Mombasa au Bukavu anaweza kudhani basi zima lilikuwa la waganga. Ndani ya kitabu halina neno, mwandishi ana kurasa za kumfafanulia. Kwenye jalada huna nafasi hiyo. Tumia neno ambalo halihitaji mkalimani: foleni, kiranja, sanduku, jogoo, tiketi. Hata "ada" ya kwetu, Kenya ni "karo".

Utani wa makabila ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Baina ya watani tusi ni salamu, na kitabu cha bweni lililokusanya watoto wa mikoa mbalimbali hakikosi utani huo. Lakini msomaji aliye nje ya uhusiano ule hana njia ya kujua kwamba waliotukanana waligawana chakula jioni ileile. Usinukuu utani kwenye sifa, hata kama ndio uliokuchekesha kuliko yote. Ukichomolewa kwenye sura yake unabaki tusi tupu, tena lenye jina lako chini. Vivyo hivyo vichekesho juu ya watu wanaoweza kutambulika. Mwulize rafiki yako kama majina ya walimu na wapishi ameyabadilisha, na kama mpishi anachekwa kwa uji wake au kwa mguu wake. Kwa uji ni halali. Kwa mguu, sifa yako ikipite kimya kipande hicho, na umshauri akiondoe.

Futa "kipekee", na usithubutu kuandika "cha kwanza cha aina yake". Waswahili wamechapishiwa masimulizi ya safari tangu zamani. Mjerumani Carl Velten alitoa *Safari za Wasuaheli* huko Göttingen mwaka 1901, na ndani yake yumo Salim bin Abakari akieleza safari yake ya Urusi na Siberia. Futa pia ile ya "kitabu kisichowekeka chini", ambayo naiona kila jalada siku hizi. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba kazi ya kitabu ni kuwekwa chini. Mswahili husema kimemkeshesha, au kimemsahaulisha chungu jikoni.

Sasa vipimo. Jalada la nyuma la kitabu cha ukubwa wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Toa muhtasari wa mchapishaji, toa picha ya mwandishi, toa pembe ya chini yenye msimbo pau na ISBN yake ya tarakimu 13. Kinachobakia kinapokea maneno 40 hadi 60, zaidi ya hapo herufi zitakuwa ndogo hata mwenye miwani azihangaikie. Mhariri akibanwa na nafasi hukata kutoka mwisho, kwa hiyo sentensi yako nzuri itangulie. Omba uoneshwe yalivyobaki baada ya kukatwa: "Anachekesha, japo si kila mara anapokusudia" ikikatwa kwenye mkato, umemsifu usivyotaka. Chini andika jina na kitu kimoja kinachokupa haki ya kusema. "Msomaji" peke yake inatosha. "Mpenzi wa fasihi" ni mapambo.

Nimejaribu kwa yale uliyonisimulia, uone umbo tu:

"Sanduku hili la bati lina kufuli mbili, sukari robo kilo na miaka minne ya bweni. Mwandishi anawacheka viranja, lakini anayechekwa zaidi ni yeye mwenyewe, hasa siku ile alipopewa kiti cha mwisho kwenye basi la Mwanza pamoja na jogoo asiyekuwa na tiketi. Matroni wake bado namsikia akihesabu sabuni."

Ni maneno 47. Jogoo alifanya nini, sikusema. Miwani ya matroni pia sikuigusa, kwa kuwa hicho ndicho kilele chake. Neno "kuchekesha" halimo hata mara moja, nawe ukilihitaji jiulize kwanza kwa nini mifano yako imeshindwa kulibeba.

Kama mchapishaji ataomba pia maoni marefu ya gazetini, hayo ni kazi nyingine: maneno 300 hivi, na humo lazima useme kasoro moja ya kweli. Sifa isiyo na kasoro hata moja husomwa kama tangazo, na msomaji hupunguza nusu ya kila ulichosema. Uliniambia sura za likizo zinarudiarudia kituo kilekile cha mabasi. Liseme hilo, na uoneshe ni kwa nini linachosha: mara ya tatu hakuna mtu mpya anayepanda. Kasoro iliyoelezwa sababu yake humsaidia mwandishi kwenye toleo la pili. Iliyotupwa hivihivi humuudhi tu.

Barua yake binafsi mwandikie mbali, kwa mkono ukiweza. Humo ndimo mnamoingia orodha nzima ya nukta zako na namba za kurasa. Waandishi wa vitabu vya kuchekesha hukaa peke yao na hawasikii watu wakicheka, kwa hiyo "ukurasa wa 63, mstari wa nne kutoka chini, nilicheka ndani ya daladala watu wakanitazama" ni zawadi kwake kuliko aya nzima ya pongezi. Misalaba usimpe yote. Chagua mitatu iliyo karibu na kurekebishika.

Penseli iwe 2B, inafutika bila kukwaruza karatasi, maana nakala uliyonayo ni ya kuazima. Nitumie rasimu ya pili kabla ya Alhamisi, pamoja na picha ya ule ukurasa wa Liemba.

Mama yako