Muulize mhudumu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Kumbe wenzako wa kazini wamekualika Ijumaa kwenye mgahawa wa Kiitaliano, wiki inayofuata zamu ya Kithai, na wewe unatafuta kisingizio cha kutokwenda kwa kuwa "hizo menyu zenyewe sizielewi". Mama yako amecheka. Mimi sikucheka, maana unachokiogopa kilishanikuta.

Nilikuwa na umri kama wako, katika mji mkubwa kama huo, na mama yako ndiyo kwanza alikuwa amekubali kutoka nami. Nikampeleka mgahawa wa Kithai niliosikia watu wakiusifu, nikajifanya mwenyeji. Ikaja supu ya tom yum: kamba wanaelea, mvuke unapanda na harufu ya ndimu. Ndani mlikuwa na vipande vya mchaichai, majani magumu ya jamii ya mndimu, na vipande vya mzizi mweupe unaofanana na tangawizi, unaitwa galangali. Nikavitafuna vyote. Mchaichai ulikuwa kama kutafuna ufagio, na galangali ni mti mtupu. Nikameza, nikasema, "Tamu sana." Mama yako alikuwa anavisogeza vyake pembeni ya bakuli kwa kijiko, taratibu, kimya. Tulipokwisha kuoana ndipo aliponiambia kwamba nilipokwenda kunawa mikono alimuuliza mhudumu. Vile vinatiwa kwa ajili ya harufu na ladha tu, vinabaki bakulini.

Kwa hiyo nianze na Wathai, ingawa zamu yao ni ya pili.

Utawekewa kijiko na uma. Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto. Uma kazi yake ni kusukumia chakula kwenye kijiko, na kijiko ndicho kinachokwenda mdomoni. Kisu usikitafute, kila kitu kimeshakatwa jikoni. Wala usiombe vijiti ili uonekane mjuzi. Wathai wenyewe huvitumia zaidi kwenye supu za tambi.

Vyakula huwekwa katikati ya meza, kila mtu na sahani yake ya wali. Unachota kijiko kimoja au viwili cha kitu kimoja, unakula, ndipo unahamia kingine. Usijaze mlima. Mkiagiza, msiagize kila mtu mchuzi wake wa nazi, mtachoka wote kwa ladha ile ile. Tafuteni kimoja kikali, kimoja kichachu, kimoja cha kukaangwa na supu moja. Mambo yote yamo katika kule kupokezana kwa ukali, uchachu, chumvi na utamu.

Sasa pilipili. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo vijana mnapotafuta sifa. Rangi ya kijani isikudanganye: mchuzi wa kijani hutengenezwa kwa pilipili mbichi, na mara nyingi unawaka kuliko ule mwekundu. Ukitaka mpole, agiza massaman, ule wenye viazi na karanga na viungo vya mdalasini na iliki. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mhudumu akikuuliza ukali kiasi gani, si kila chakula kinaweza kupunguzwa. Saladi ya papai bichi, som tam, hutwangwa kwenye kinu pale pale unapoagiza, basi unaweza kusema pilipili moja, mbili au usitie kabisa. Lakini mchuzi ambao pilipili yake imeshasagwa pamoja na viungo, atautoaje? Muulize kwanza. Na moto ukishakushika usikimbilie maji. Kile kinachowasha hakiyeyuki katika maji, unakitembeza tu mdomo mzima. Kula wali, au kunywa kitu chenye maziwa.

Umesema mwenzako mmoja hali kitu chochote cha baharini. Mwambie asidanganyike na neno "mboga" kwenye menyu. Sosi ya samaki ndiyo chumvi ya jikoni lile, na viungo vilivyosagwa vya michuzi mara nyingi vina kamba waliochachushwa ndani. Kama ni mzio, alitamke neno hilo, asiseme tu kwamba "hapendi".

Haya, Ijumaa yenyewe.

Menyu ya Kiitaliano inatisha kwa urefu, lakini urefu ule ni mpangilio tu. Antipasto ni vya kufungulia. Primo ni tambi au risotto, yaani wali wa kukorogwa. Secondo ni nyama au samaki, na huja peke yake. Mboga za pembeni, contorno, unaziagiza mwenyewe. Dolce ni kitamu cha mwisho. Wengi huchukua viwili, mtu akaridhika. Nakueleza kwa sababu nimewahi kumwona mtu kaletewa kipande cha samaki na ndimu, kakaa dakika kumi anasubiri viazi ambavyo hakuviagiza.

Risotto ya kweli hukorogwa jikoni kwa karibu dakika 18 hadi 20. Ikikufikia baada ya dakika tano, ilikuwa imeshaivishwa nusu na kuwekwa. Si dhambi, mikahawa mingi hufanya hivyo, ila ujue. Tambi zitakuwa na ugumu kidogo katikati, ndivyo zinavyotakiwa, usizirudishe. Usizikate kwa kisu. Kamata nyuzi tatu nne kwa ncha ya uma, zungushia ukingoni mwa sahani. Ukikamata nyingi utapata mpira usioingia mdomoni, na shati ndilo litakalolipa. Carbonara ya Roma ni tambi zenye yai, jibini la kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe, haina malai hata tone. Usiyekula nguruwe, ipite. Omba cacio e pepe, ambayo ni tambi za jibini na pilipili manga tu. Na tambi za samaki au kome usiziombee jibini. Hakuna atakayekufukuza, lakini wenyewe huona linaua ladha ya bahari.

Pizza ya Napoli ikija na madoa meusi pembeni, haijaungua. Tanuri lake lina joto la nyuzi zaidi ya 400, na pizza hukaa humo sekunde 60 hadi 90 tu. Katikati huwa laini, imelowa, kwa hiyo kisu na uma si aibu. Ufundi wa hao wapika pizza UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2017, na tom yum iliyoniumbua ikafuata mwaka 2024. Kwa hiyo nimeaibishwa na urithi wa binadamu, si supu ya hivi hivi.

Na kitu kinachonifurahisha kila nikikaa kwenye meza hizo: nyanya na pilipili zote mbili asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 Mwitaliano hakuwa na nyanya, na Mthai hakuwa na pilipili hiyo anayotutoa nayo machozi. Walizipokea kama wageni, bila shaka kuna aliyeuliza, "Hii inaliwaje?"

Mambo ya fedha, haraka haraka. Mhudumu akitaja vyakula vya siku ambavyo havimo kwenye menyu, muulize bei papo hapo, hata kama wenzako wameinamia simu zao. Akiuliza maji ya gesi au ya kawaida, jua anazungumzia chupa ya kununua. Maji ya bomba unaweza kuyaomba pale yanaponyweka. Angalia kama bili ina malipo ya huduma kabla hujaacha bakshishi juu yake. Na kama mtagawana bili sawa sawa, kubalianeni kabla ya kuagiza, siyo baada ya mmoja kushusha chupa mbili za mvinyo.

Nenda Ijumaa. Vaa shati la rangi nyeusi, kwa sababu ya nyanya. Halafu uniandikie uliagiza nini. Mama yako alinikataza kukusimulia habari ya mchaichai, anasema utapoteza heshima kwangu, na sasa anasimama nyuma ya bega langu anasoma. Anasema pia nilitafuna majani. Nimeshayataja.

Baba yako